Ndoano za mbele kwenye pikapu: kinachoumiza watu si tope, ni kile kinachoruka wakati wa kuvutana

Mkulima_wa_Isyonje

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu. Nauandika leo kabla mvua hazijashika, maana zikishashika kila mtu atakuwa shambani na hakuna atakayesoma.

Mimi nabeba viazi mviringo. Natoa Isyonje na Kikondo, nashusha Uyole na Mwanjelwa. Anayezijua zile njia za mashambani ukishaacha barabara kubwa ya Tukuyu ananielewa: Novemba mpaka Mei udongo unakuwa sabuni, na ukikwama hakuna brekidauni itakayokufuata kule. Tunavutana wenyewe. Anayepita kwanza ndiye anayekuvuta, iwe Fuso, Kenta, trekta au Land Cruiser ya mtu usiyemjua.

Mwezi wa pili mwaka huu Hilux yangu ilikwama na gunia nane za lumbesa. Tope lilikuwa limefika kwenye madigadi. Likaja Fuso, dereva mstaarabu kabisa, akasema twende. Alikuwa na kamba ya waya. Mbele ya gari langu kulikuwa na ndoano niliyofungiwa gereji moja hapa mjini: nondo iliyokunjwa, ikachomelewa kwenye vyuma vinavyoshika bampa, ikapakwa rangi nyeusi safi. Kwa macho ilikuwa nzuri. Mvuto wa kwanza wa taratibu gari halikutikisika. Mara ya pili Fuso akarudi nyuma kidogo, akachukua mbio.

Nilisikia mlio kama wa risasi. Nikiwa kwenye usukani nilidhani kamba imekatika. Kumbe ndoano ndiyo iliyong'oka, ikabaki kwenye kamba, ikaruka kumfuata Fuso. Mdogo wangu alikuwa amesimama karibu na mlango wa nyuma wa Fuso, anatupigia ishara. Ilimpiga mkono chini ya kiwiko, mifupa yote miwili ikavunjika, halafu ikaenda kubonyeza bodi la Fuso. Ingekuwa juu sentimita 40 ningekuwa naandika habari nyingine.

Dogo amepona, mkono unafanya kazi, namshukuru Mungu. Ila ile nondo niliichukua nikaiweka mezani nyumbani, nikaitazama kwa tochi kwa muda mrefu. Sehemu ilipokatika ilikuwa na rangi mbili. Upande mmoja, kama theluthi, ulikuwa umepigwa kutu ya siku nyingi, kahawia iliyokolea. Upande wa pili ulikuwa unang'aa chembechembe kama sukari. Yaani ule ufa ulikuwepo miezi kabla, umejificha chini ya rangi, na kila nilipovutwa ulikuwa unaongezeka. Siku hiyo ilibaki theluthi mbili tu, na theluthi mbili hazikutosha.

Tangu hapo nimejifunza kwa kuuliza mafundi, kusoma vitabu vya gari na kufunga upya kwa mikono yangu nikisimamiwa. Nayaandika hapa yote.

Kwanza, uzito. Watu wanadhani pikapu ya tani mbili inavutwa kwa nguvu ya tani mbili. Sivyo. Kanuni ya zamani ya wanaovuta magari inasema hivi: tope likifika kwenye rimu, hesabu uzito wa gari lote na mzigo wake. Likifika kwenye madigadi, zidisha mara mbili. Likifika usawa wa kebini, mara tatu. Gari langu tupu ni kama tani mbili, na mzigo ule lilikuwa linakaribia tani tatu. Tope la madigadi: tani sita. Hapo bado mlima. Mteremko wa nyuzi 15 peke yake unakuongezea robo ya uzito wa gari. Nondo ya milimita 16 iliyochomelewa kwenye bati la bampa ilikuwa inaombwa tani sita kwa mshtuko.

Ndiyo maana siku hizi kitu cha kwanza kinachoshuka kwenye gari langu ni chepe. Dakika 20 za kuchimba mbele ya matairi na chini ya difu zinaondoa tani ambazo hakuna ndoano itakayolazimika kuzibeba. Halafu natoa upepo kwenye matairi mpaka kama psi 20, nawaomba watu wakate majani na matawi, najaribu kwa gia ya chini. Mara nyingi gari linatoka bila kuvutwa na mtu.

Pili, bampa si mahali pa kufunga chochote cha kuvutia. Vyuma vinavyoshika bampa vimetengenezwa makusudi vikunjike gari likigonga, ili nguvu isifike kwa abiria. Kitu kilichoundwa kukunjika huwezi kukiambia kivumilie tani sita. Ndoano inafungwa kwenye chesesi yenyewe, zile mbao mbili za chuma zinazokwenda toka mbele mpaka nyuma, kwa bolti, upande wa kushoto na wa kulia. Zote mbili. Ndoano moja upande mmoja inavuta chesesi kwenda mshazari.

Tatu, ubora wa bolti unasomwa kwenye kichwa chake. Utakuta imeandikwa 8.8 au 10.9. Namba ya kwanza ukiizidisha mara 100 unapata nguvu ya chuma kabla hakijakatika, kwa nyutoni kwa kila milimita ya mraba, na ya pili inakwambia ni sehemu gani ya nguvu hiyo chuma kinaweza kubeba kabla hakijaanza kuvutika kisirudi. Bolti ya milimita 12 ya 8.8 inahimili kama tani nne ikisukumwa ubavuni, ya 10.9 kama tani tano, ndipo ikatike. Bolti mbili kila upande, pande mbili, unaona mwenyewe tunakoelekea. Bolti isiyo na namba kichwani usiifunge hapo, hata kama inang'aa.

Jinsi nilivyofunga. Nilianza kwa kuosha. Gari liliinuliwa kwa jeki, likakalia stendi, nikavua bati la kulinda injini, nikasugua mbele ya chesesi kwa brashi ya waya mpaka chuma kikaonekana. Nilikuwa natafuta kutu iliyokula na nyufa kuzunguka matundu. Chesesi ikiwa imeliwa, ishia hapo, tengeneza chesesi kwanza. Ya kwangu ilikuwa nzima. Matundu ya kiwandani yapo, na mengine yana nati zilizolehemewa ndani. Zile nati zilikuwa zimejaa tope lililokauka, tukapitisha tapu, kile chuma cha kukatia nyuzi za nati, kusafisha nyuzi mpaka bolti ikawa inaingia kwa vidole tu mpaka mwisho. Hapo usikimbilie spana. Bolti isiyoingia kwa vidole imekaa upande, na ukiilazimisha unaua nyuzi za nati ambayo huwezi kuifikia.

Nilinunua ndoano za kitanzi kilichofungwa, pamoja na vyuma vyake vya kukalia vilivyokatwa kwa ajili ya Hilux ya umri huu. Sikuchukua zile zilizo wazi. Iliyo wazi inafaa ikiwa na kilimi cha kuzuia, lakini kamba ikilegea katikati ya mvuto inaweza kuchomoka na usiione. Kwenye kitanzi unapitisha shakeli, ile U ya chuma yenye pini nene ya kuzungusha, halafu mkanda unakaa kwenye shakeli.

Kabla ya kukaza tulizungusha usukani kushoto mpaka mwisho na kulia mpaka mwisho, kuona tairi haligusi. Tukaangalia paipu za rejeta na mpira wa breki. Ndipo tukakaza kwa spana ya kupima mkazo. Karatasi iliyokuja na ndoano zangu ilitaka nyutoni-mita 115 kwa bolti ya milimita 12 ya 10.9. Kwa 8.8 ya unene huohuo ni kama 80. Kama chuma chako kina karatasi yake, fuata hiyo. Mwisho nikachora mstari wa rangi nyeupe toka kwenye kichwa cha bolti mpaka kwenye chuma. Bolti ikizunguka hata kidogo mstari unakatika, na unauona asubuhi ukichungulia tu.

Karibuni, ulizeni, na mwenye kunisahihisha anisahihishe.

Kijana_wa_Makambako

Kamwene mkuu. Pole sana na mdogo wako. Naomba kuuliza. Hilux yangu ya 2008 ina vitanzi viwili vyembamba chini ya bampa vilivyokuja toka kiwandani. Navutiwa hapohapo miaka yote na havijawahi kung'oka. Kama ni vya kiwandani si ndiyo salama zaidi?

Mkulima_wa_Isyonje

Kamwene kaka, asante. Swali lako ndilo nililokuwa najiuliza mimi. Vile vitanzi kwenye pikapu nyingi ni vya kufungia gari lisicheze melini linaposafirishwa. Kazi yake ni kulivuta gari chini kwenye sakafu ya meli, limekaa, hakuna mshtuko. Kuburuta gari zima kwenye lami tambarare taratibu vinaweza kuvumilia. Kung'oa gari topeni siyo kazi yake.

Kitabu cha gari huwa kinasema sehemu ipi ni ya kufungia na ipi ni ya kuvutia. Bila kitabu, tazama unene. Kitanzi chembamba kama kidole cha mwisho, kilichoinama kuelekea chini, hicho ni cha melini. Mara nyingi bolti zake zinakaa palepale panapotakiwa ndoano ya kweli, kwa hiyo unakivua na matundu unayapata tayari.

Fundi_Mwanjelwa

Nimesoma yote. Mkulima ameeleza vizuri, naongeza ya gereji maana haya nayaona kila wiki.

Moja, kuchomelea. Mteja anakuja anasema fundi nichomelee hapa, dakika kumi. Mimi nakataa na wengine wananichukia. Chuma cha chesesi ukikiunguza, pembeni mwa mchomeo kinabadilika tabia, na ufa huanzia hapo, pembeni, siyo katikati. Ndiyo ile rangi mbili uliyoiona. Kuna kuchomelea kunakokubalika kwenye chesesi, kwa mtu aliyesomea, mwenye fimbo sahihi za kuchomelea na anayejua aanzie wapi aishie wapi, lakini si kwa ndoano ya dakika kumi. Na ukimwona fundi anachomelea gari la kisasa bila kuvua waya za betri, mwambie aache, utarudi nyumbani na kompyuta ya gari imekufa.

Mbili, jani la springi. Huku kwetu ndoano nyingi za kienyeji hazitokani na nondo, zinatokana na jani la springi kuukuu, maana watu wanajua ni chuma kigumu. Ni kigumu kweli. Ndiyo shida yenyewe. Ukilipasha moto ulikunje, halafu ulipoze kwa maji, linakuwa kama kigae. Halipindi likakuonya. Linapasuka papo hapo.

Tatu, na hili Mkulima hakuligusa. Chesesi za pikapu mbele ni boksi, ndani ni tupu. Ukitoboa tundu toka upande huu mpaka upande wa pili ukapitisha bolti ndefu ukakaza, unaziminya kuta zinaingia ndani. Unaona imekaza leo, kesho imelegea kwa sababu bati linaendelea kurudi. Lazima ndani kuwe na kipande cha bomba nene kinachokaa kati ya kuta mbili, bolti ipite ndani yake, ili unapokaza ubane bomba na si hewa. Na usitoboe juu wala chini ya chesesi, toboa ubavuni katikati, kule ndiko inakobeba mzigo kidogo.

Dereva_wa_Mbao

Mimi natokea Mafinga, nabeba magogo na mbao huku Sao Hill miaka 15. Sitaki ugomvi ila mnawatisha watu. Mnyororo mzuri haukatiki. Huo mkanda wa nailoni ni wa wazungu wa safari. Nimevuta magari kwa mnyororo kuliko ninavyoweza kuhesabu, na sijawahi kumuumiza mtu.

Fundi_Mwanjelwa

Mzee wangu, shikamoo. Magogo unayavuta vipi? Unafunga, unakaza mnyororo mpaka unyooke, ndipo unavuta polepole. Hapo mnyororo ni sahihi kabisa, nakubali. Tatizo ni pale mtu anaposhindwa kuvuta polepole akarudi nyuma kuchukua mbio. Mnyororo hauna mvutiko. Gari la tani nne likifika mwisho wa mnyororo kwa mwendo wa mtu anayekimbia, nguvu yote inaisha ndani ya sentimita chache, na kitu kilicho dhaifu kuliko vyote kati ya magari mawili ndicho kitakachoachia. Si lazima uwe mnyororo. Inaweza kuwa ndoano ya mwenzio.

Dereva_wa_Mbao

Marhaba. Hapo kwenye mbio nimekuelewa. Kweli mimi sikimbii na mnyororo, na vijana wangu nawakataza. Sasa huo mkanda tofauti yake ni nini, maana sokoni naona yote ni mikanda ya rangi tu.

Mkulima_wa_Isyonje

Mzee shikamoo, na asante kwa kuuliza, maana hapa ndipo watu wengi wanapotapeliwa.

Mikanda iko ya aina mbili na kwa macho inafanana. Kuna wa polista, hauvutiki, ni wa kuburuta gari au kurefusha kamba ya winchi. Kuna wa nailoni, huo unavutika kama moja ya tano ya urefu wake kisha unarudi. Mkanda wa mita 9 unaongezeka karibu mita mbili. Huo ndio unaoruhusu gari linalovuta kuanza na mwendo kidogo: mkanda unakusanya nguvu kama manati, halafu unalinyanyua gari lililokwama bila pigo la ghafla. Angalia lebo iliyoshonwa. Isiyo na lebo usiiamini.

Namba nazo zina mtego. Kwenye mkanda wanaandika mzigo unaoukata. Kwenye shakeli wanaandika mzigo wa kazi, ule unaoruhusiwa kila siku, na yenyewe huvunjika mbali zaidi ya hapo. Ndiyo maana shakeli ya tani 4.75, ile ya milimita 19, inakaa vizuri na mkanda wa tani 8. Mkanda unachaguliwa kwa gari jepesi kati ya mawili: mara mbili hadi tatu ya uzito wake na mzigo. Kwa Hilux iliyobeba, tani 8 au 9. Ukichukua mkanda mnene mno, hauvutiki vya kutosha, na umerudi kwenye mnyororo.

Kwa sababu ndoano ziko mbili, mimi sifungi mkanda mkuu kwenye moja. Napitisha mkanda mfupi wa mita tatu toka ndoano ya kushoto hadi ya kulia, na mkanda mkuu unashika katikati yake. Mzigo unagawanyika. Ila huo mfupi usiwe mfupi mno. Kadiri pembe ya pale katikati, kati ya pande zake mbili, inavyopanuka ndivyo kila ndoano inavyobeba zaidi. Pembe ikiwa nyuzi 60, kila upande unabeba zaidi kidogo ya nusu. Ikifika 120, kila ndoano inabeba mzigo mzima kana kwamba iko peke yake, na juu ya hapo zinavutwa kwenda ndani, upande ambao hazikutengenezewa. Wangu unatoa kama nyuzi 30.

Na jambo moja ambalo naomba kila mtu alichukue: usifunge kamba kwenye kile kichwa cha mviringo cha kuvutia tela. Kamwe. Shingo yake hukatika, na lile tufe la chuma limeua watu sehemu nyingi duniani. Linaruka kama risasi ya mzinga.

Mama_Parachichi

Ndaga fijo kwa uzi huu. Mimi niko Tukuyu, natoa parachichi mashambani kwenda kwenye mapokezi. Gari ni langu ila dereva ni kijana, mimi kwenye mambo ya chuma siingii. Naomba mniambie kwa lugha nyepesi: nikisimama mbele ya gari langu, niangalie nini? Na siku ya kuvutana kijana afanye nini, maana wa kumzuia nitakuwa mimi.

Mkulima_wa_Isyonje

Mama shikamoo. Nitakueleza ninavyomweleza mama yangu.

Chuchumaa mbele ya gari. Fuata ndoano kwa mkono wako, uingize vidole nyuma, uone imeshika nini. Ikiwa imeshika bampa, haifai. Ikiwa imeshika chuma kinene kinachokwenda nyuma mpaka chini ya injini, hiyo ni chesesi, sawa. Kisha uone bolti. Unataka vichwa vya bolti vyenye namba, angalau viwili kila upande. Ukiona mchomeo peke yake, mwite fundi. Ukiona rangi imepasuka mstari mwembamba na kutu inachuruzika hapo, gari lisivutwe kwa ndoano hiyo hata mara moja.

Siku ya kuvutana, wewe ndiye mwenye sauti. Watu wakusanyike mbali, mara moja na nusu ya urefu wa mkanda. Mkanda wa mita 9, watu mita 14, na wakae pembeni, siyo mbele wala nyuma ya mstari wa mkanda. Nakujua kwetu, gari likikwama kijiji kizima kinakuja kusukuma na watoto wanakaa ukingoni kushangilia. Hakuna kusukuma wakati mkanda umefungwa. Hakuna kuruka mkanda, hata mkanda ukiwa umelala chini. Abiria wote washuke, ndani wabaki madereva wawili.

Katikati ya mkanda tandika kitu kizito: koti lililolowa, blanketi, gunia lenye udongo kidogo. Chochote kikiachia, uzito huo unausaidia mkanda uanguke badala ya kuruka. Gari linalovuta lisimame karibu kiasi mkanda ulegee mita moja hadi mbili, liondoke kwa gia ya chini bila kishindo, na lililokwama nalo lisaidie kwa gia. Magari yawe kwenye mstari mmoja ulionyooka. Wakishindwa mara mbili, waache, warudi kwenye chepe.

Pini ya shakeli mwambie akaze mpaka mwisho kisha airudishe robo mzunguko, la sivyo ikishavutwa hataifungua kwa mkono.

Mama_Parachichi

Marhaba mwanangu. Nimetoka nje na tochi kuangalia. Imeshika bampa, na ni mchomeo mtupu. Kesho gari halitoki.

Fundi_Mwanjelwa

Mama umefanya vema sana. Muulize fundi wako wa huko kama ana spana ya kupima mkazo. Kama hana, aazime. Asikwambie mkono wake unatosha, wa kwangu una miaka 20 na bado natumia spana.

Kijana_wa_Makambako

Hivi nikishakuwa na ndoano nzuri, naweza kuburutwa toka Igawa mpaka Mbeya mjini gari likiharibika? Mwaka jana nilivutwa kwa kamba, tukashuka Mlima Nyoka, sitasahau.

Mkulima_wa_Isyonje

Kaka hapana. Hilo ni jambo jingine kabisa na ndoano haiwezi kulitatua. Injini ikizimwa, breki zinapoteza msaada wake, unakanyaga mara moja mbili kisha pedali inakuwa jiwe. Usukani nao unakuwa mzito. Ukishuka Mlima Nyoka au mlima wa Iwambi kwa kamba, hakuna kinachokuzuia kumgonga anayekuvuta isipokuwa mguu wako, huku malori yanakuja nyuma. Kitonga ndiyo usifikirie kabisa. Kamba ni ya kukutoa topeni na kukusogeza mahali salama. Safari ya mlima ni brekidauni, au angalau chuma kigumu cha kuunganishia magari mawili, na kwa gari la gia otomatiki au lenye fowili, linalovuta kwa matairi yote manne, soma kitabu kwanza, maana mengi hayaruhusiwi kuburutwa matairi yakiwa chini. Ufunguo usiuchomoe, usukani utajifunga.

Mkulima_wa_Isyonje

Narudi wakuu, mrejesho. Mvua zimeanza na juzi ndoano zimepata kazi yake ya kwanza. Nilikwama chini ya Kikondo, tope la rimu, gunia sita. Tulichimba karibu nusu saa, na jirani yangu mwenye Land Cruiser akavuta mara moja. Gari lilipanda kama limenyanyuliwa. Mlio wowote hakuna.

Dogo ndiye aliyesimamia watu. Aliwapeleka mbali kuliko nilivyosema, akamtoa mzee mmoja ukingoni kwa heshima lakini kwa kumshika mkono, hakuanza kupiga ishara mpaka njia ikawa nyeupe.

Sasa jambo la kuripoti. Asubuhi nilipochungulia, mstari mweupe kwenye bolti moja ya kulia ulikuwa umeachana, kama milimita mbili. Nyingine tatu zimetulia. Niliifungua yote. Nyuma ya kile chuma, pale kinapokalia chesesi, nilikuta rangi nene ya kiwandani imeminywa imetoka pembeni kama siagi. Nadhani nilikaza juu ya rangi, rangi ikalainika, bolti ikalegea. Nimeikwangua mpaka chuma, nikapaka safu nyembamba ya dawa ya kutu, nikaweka bolti mpya na kukaza upya kwa 115. Fundi, niko sawa?

Fundi_Mwanjelwa

Uko sawa, na umefanya vizuri kuweka bolti mpya, ile iliyolegea chini ya mzigo usiirudishe. Ila fungua na zile tatu pia. Kama upande mmoja ulikuwa na rangi, na mwingine unayo, haijaminywa tu bado. Kila moja ikwangue, kaza, chora mstari mpya. Halafu baada ya kilomita 500 pitisha spana tena kabla hujaenda kupakia.